Ndugu wa Upande wa Mama

Wazo la bima lilikuwa la Merlinda, na mama mkwe wake hakuchoka kumkumbusha jambo hilo baadaye.

Lilimjia walipomzika jirani yao, fundi wa majokofu, aliyepigwa na umeme juu ya paa la watu. Mjane wake alianza kwa kuuza pikipiki, akafuatia mashine ya kufulia, mwisho akauza milango.

"Milango, Nulfo!" Merlinda alimwambia mumewe. "Yule mwanamke na wanawe wanalala nyuma ya pazia. Nyumba yetu hii imesimama juu ya mikono yako miwili tu. Ikidondoka, sisi tutauza nini?"

Arnulfo alikuwa kinyozi pembeni mwa soko la mji wa Roxas, huko Ufilipino, mwenye mkono mwepesi hata wazee walikuwa wakisinzia wembe ukipita kooni. Alicheka, akasema atafanya atakavyo mkewe. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kukubali upesi ili mazungumzo yaishe.

Jumapili moja baada ya misa akaja Vangie, wakala wa bima ya maisha, ambaye Merlinda alisoma naye shule ya masista. Aliwekewa sahani ya chaza za kuchemsha, akala kwanza, kwa kuwa katika mji ule hakuna anayezungumza biashara mbele ya chaza za moto. Alipokwisha kunawa akaanza na Merlinda. Aliwahi kulazwa? Aliwahi kufanyiwa upasuaji?

"Niliwahi kutolewa uvimbe kwenye ziwa," alisema Merlinda. "Haukuwa mbaya, lakini nilitolewa."

Arnulfo akapiga paja. "Unamwona huyu? Akienda kuungama, padri hukosa chakula cha mchana!"

"Mwache aseme, shemeji," Vangie alijibu. "Akisema leo, atalipa zaidi kidogo, na pengine watalitoa hilo ziwa nje ya mkataba kwa muda. Akificha, watapokea hela zake huku wanatabasamu. Siku ya kudai ndipo watakapokuja na maswali. Haya, zamu yako. Sigara?"

"Niliacha."

"Tembo la mnazi?"

"Sijaacha."

Wakacheka. Baba? Alikufa kwa moyo. Mama? Huyo hapo jikoni, mzima kama kengele ya kanisa. Salvacion, mama yake Arnulfo, alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya chaza, amewapa mgongo.

"Na ndugu wa upande wa mama?" aliuliza Vangie. "Wajomba wapo?"

Salvacion ndiye aliyejibu, bila kugeuka.

"Sina kaka aliyebaki. Mkubwa alianguka mnazi. Wa pili alichukuliwa na mto. Yule mdogo pombe ilimmaliza."

"Pole, Mama." Vangie aliandika, kisha akainua kichwa. "Mama si mwenyeji wa kule juu mtoni?"

"Watu wengi ni wenyeji wa juu mtoni."

Vangie akamtazama Arnulfo. Arnulfo alikuwa akiyapanga maganda matupu sahanini, moja juu ya jingine.

"Basi ukoo hauna ugonjwa wowote wa kurithi, shemeji?"

"Hauna," alisema Arnulfo.

Yakaisha. Merlinda akatozwa zaidi kwa ajili ya ziwa lake. Arnulfo akapata bima nono kwa bei ya mtu mzima kabisa, ya kifo na ya ulemavu pia. Wiki nzima alimtania mkewe kwamba ukweli ni chakula cha matajiri.

Mwaka uliofuata, baada ya Pasaka, alianza kutembea kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Alinunua kandambili mpya. Zilipokatika upande mmoja akanunua nyingine, akalaumu Wachina waliozitengeneza. Kisha mguu wa kulia ukaanza kujigeuza ndani, mpaka wayo ukawa unautazama mguu mwenzake. Alikuwa na miaka arobaini na moja.

Salvacion ndiye aliyeona kwanza, au ndiye wa kwanza kushindwa kujizuia. Arnulfo aliingia kutoka uani akiburuta ule mguu, na bakuli la wali likamtoka mama mtu mikononi. Akaketi palepale sakafuni, akalia ile sauti inayotolewa maiti akiwa ndani ya nyumba.

"Mama, kiatu tu hicho!" alisema Merlinda, akicheka kwa mshangao. "Unamlilia mtu mzima?"

"Mama, nyamaza," alisema Arnulfo.

"Mwanangu. Mwanangu wa pekee."

"Nimesema nyamaza!"

Merlinda hakuwahi kumsikia mumewe akimfokea mama yake. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akafunga mlango wa mbele, akauegemea kwa mgongo.

"Haya," alisema. "Ni nini ambacho watu wawili mnajua na mimi sijui?"

Ilichukua muda. Mama mtu alikuwa akilia tu, na mwana akizunguka maneno kama mbuzi aliyefungwa kambani. Mwishowe Arnulfo akasema. Hakuna mjomba aliyeanguka mnazi, wala aliyechukuliwa na mto. Wote watatu walikufa kitandani, wamepindika. Kule juu mtoni ugonjwa huo huitwa lubag, yaani kunyongwa kama nguo inavyokamuliwa. Unamjia mwanamume akiwa amekwisha kuoa na kuzaa. Humshika mguu, ukapanda shingoni, ukamfikia tayani.

"Mjomba Isko nilimlisha mimi mwenyewe, nikiwa mtoto," alisema Arnulfo. "Alikuwa akiniangalia kwa jicho moja, maana shingo haikumruhusu kwa yote mawili."

"Na mimi ukanificha."

"Ningekwambia, ungekubali kuolewa nami?"

Merlinda alilitafakari hilo kwa haki, kama mtu apimaye mchele wa mwenzake.

"Swali hilo lilikuwa langu, Nulfo," alisema. "Lilikuwa langu kulijibu. Ukanijibia."

Arnulfo akamshika mkono. Hapo ndipo alipoonyesha kwamba siku ile ya chaza alikuwa akisikiliza kuliko wote. "Vangie alisema mkataba ukitimiza miaka miwili, kampuni haiwezi tena kuchimbua ya nyuma. Haijabaki mingi, ni miezi. Nisipokanyaga hospitali, hakuna anayejua naumwa nini. Fumba mdomo mpaka hapo, Linda. Kwa ajili ya wasichana."

Na Merlinda, aliyelitaja ziwa lake mbele ya watu na chaza, akafumba mdomo.

Walisema ameteleza bafuni. Shingo ilipoanza kuvutwa kuelekea bega la kushoto wakasema ni mshipa, akawa anaifunga taulo kama mtu mwenye mafua. Alimkata mwalimu mkuu sikio. Mwalimu mkuu alikuwa muungwana, akasema si kitu, wala hakurudi. Wateja wengine wakafuata, mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake, na kiti cha kinyozi kikauzwa pamoja na vioo. Majirani, wasiopewa la kuzungumza, wakalitafuta wenyewe: Arnulfo amerogwa. Katika jimbo lile, linalosifika kwa uchawi, neno hilo halina safari ndefu.

Merlinda alitaka kwenda kuwakanusha. Salvacion akamzuia mlangoni.

"Acha waseme tumerogwa," alisema. "Aliyerogwa watoto wake wanaolewa."

Waliofuga siri ile hawakujua kwamba siri nayo inakula. Hakukuwa na daktari, kwa hiyo hakukuwa na dawa hata ya kulegeza misuli, na Arnulfo alilia kwa maumivu huku akihesabiwa miezi. Kisha adhuhuri moja wali ukamkwama. Taya lilijifunga, midomo ikawa ya samawati, na Rowena, binti yake mkubwa mwenye miaka kumi na minane, akampiga mgongoni huku akipiga mayowe. Majirani wakaja mbio, wakaona kila kitu. Merlinda hakungoja ushauri wa mtu. Walimpakia kwenye kigari cha pikipiki, akamshika kifuani mpaka hospitali.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mwanamke kijana, aliyekuwa akija toka mji wa Iloilo mara moja moja. Aliuona mguu, akaiona shingo, na kabla hajagusa kitu akauliza, "Mama yako anatoka juu mtoni?"

"Ndiyo," alisema Arnulfo kwa taabu. "Na wajomba watatu."

Ilikuwa rahisi hivyo. Merlinda alimtazama mumewe akimwambia mgeni, kwa pumzi moja, neno ambalo yeye alinyimwa miaka ishirini ya ndoa.

Daktari aliwaeleza taratibu. Dawa ya kuponya hakuna. Za kupunguza maumivu zipo, na upo upasuaji wa ubongo unaosaidia baadhi ya watu, lakini huo uko mbali na si wa mfuko wa kinyozi. Akauliza wana watoto wangapi.

Uso wa Arnulfo ulijaribu kutabasamu, ukapinda. "Wawili. Wasichana. Wasichana hawaupati huu. Kila mmoja alipozaliwa nilimshukuru Mungu."

Merlinda alikumbuka. Wanaume wengine walitaka wana wa kiume. Wake alimbusu kila binti miguu, akalewa kwa furaha. Watu walimsifu.

Daktari aliweka kalamu mezani. "Kaka," alisema kwa upole, "aliyekufundisha alikufundisha nusu. Ungezaa mwana wa kiume, angekuwa salama. Baba hampi mwanawe wa kiume ugonjwa huu. Humpa binti, na hamruki hata mmoja. Mabinti zako wote wawili wanaubeba. Wao huenda wasiugue maisha yao yote, kama mama yako. Lakini kila mtoto wa kiume watakayemzaa ni kama sarafu iliyorushwa juu. Huenda akaupata, huenda asiupate."

Arnulfo aliangalia ukuta, upande ambao shingo ilimruhusu. Hata baadaye, siku alizokuwa bado na sauti, hakuwahi kulizungumzia jambo lile.

Dawa zilihitaji pesa, na chungu nacho kilihitaji. Katika mkataba wa bima mlikuwa na fidia ya ulemavu: mtu asiyeweza tena kufanya kazi hulipwa. Merlinda akasema atakwenda kudai.

"Ngoja miaka miwili itimie," alisema Arnulfo, kila neno likitoka kama jiwe.

"Tutakula nini wakati tunangoja?"

"Ngoja," alisema na Salvacion. "Wewe binti una haraka ya kututangaza. Tangu mwanzo bima hii ni wewe."

Merlinda akaenda. Kampuni ikamtuma bwana mmoja mpole mwenye mwavuli, aliyevua viatu mlangoni na kumpa Salvacion pole ya kweli kabisa. Kesho yake alipanda kule juu mtoni, akauliza kwao Salvacion ni wapi. Hakuna aliyemficha. Wakamwonyesha makaburi matatu ya ndugu watatu, wakamweleza kila mmoja alivyopindika, kama watu wanaomwelekeza mgeni njia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wajomba wa Arnulfo vifo vyao havikuwa vimemuumbua mtu. Vilikaa vimenyamaza miaka yote hiyo, vikingoja kuulizwa.

Yule bwana alirudi na jibu, akaomba aongee na Merlinda nje, penye hewa.

"Mkataba tumeufuta, Mama. Michango yenu mtarudishiwa. Zaidi ya hapo sina."

"Miezi mitatu," alisema Merlinda. "Ilibaki miezi mitatu tu."

"Najua." Aliugeuza geuza mwavuli wake. "Nikwambie jambo ambalo halitakusaidia? Mumeo alipokuja kwetu alikuwa mzima. Angesema kwamba wajomba zake waliugua, tusingemfukuza. Tungempandishia ada, tungeiondoa hiyo ya ulemavu, lakini bima ya kifo angepewa. Tumewaandikia wengine wa huko huko juu mtoni. Siku atakapofariki, ungelipwa."

Merlinda alimsikia vizuri. Alimshukuru hata, kwa sababu alilelewa hivyo, akamsindikiza hadi barabarani. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Vangie, akamkuta anafagia kibaraza.

"Ulijua," alimwambia.

Vangie hakujifanya haelewi. "Nilishuku. Mama wa juu mtoni, kaka watatu wote wamekufa, mmoja mnazi, mmoja mto. Minazi na mito ya kule inapenda sana wanaume wa ukoo mmoja."

"Ukauliza mara moja, ukanyamaza."

"Ningefanyaje, Linda? Ningemwambia mzee wa watu ndani ya nyumba yake kwamba ni mwongo? Huku nimekula chaza zake?"

"Ulinihubiria mimi juu ya ziwa langu."

"Kwa kuwa wewe ulisema! Anayesema ndiye anayehubiriwa." Vangie aliegemea ufagio, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nami nilitaka bima ile iandikwe. Nisikudanganye. Nilikuwa na watoto wa kusomesha."

"Na mimi sina?" alisema Merlinda, akaondoka. Hawakuongea tena, ingawa kila Jumapili waliketi kanisa moja.

Nyumbani alimkuta Salvacion akimpepea mwanawe. Hasira iliyokuwa imemkaa kifuani mwaka mzima ikapata mlango.

"Umesikia, Mama? Ulimi wako umetugharimu. Ungesema neno moja tu siku ile, watoto hawa wangekuwa na kitu. Ulikuwa unamlinda nani?"

Mwanamke mzee aliendelea kupepea. Alipozungumza, sauti yake haikuwa na ubishi.

"Nilikuwa na dada. Consorcia. Mzuri kuliko mimi. Alichumbiwa na kijana wa bandarini, nguo ya harusi imeshonwa. Kaka yetu mkubwa akaanza kupinda. Baba yetu alikuwa mtu mkweli kama wewe. Akaenda kwa wakwe, akawaambia. Wakamshukuru sana. Wakamsifu kwa ukweli wake. Wakachukua kijana wao." Akahamisha upepeo mkono wa pili. "Consorcia alikunywa dawa ya kuulia konokono wa mpungani. Ilimchukua siku mbili kufa. Mimi nilipokuja kuchumbiwa, baba aliniambia: safari hii ni mnazi."

Merlinda aliuchukua upepeo mkononi mwa mkwewe, akampepea mumewe yeye. Hakuwa amemsamehe. Mzee alikuwa amechoka tu, na Arnulfo alikuwa akitoka jasho.

Likabaki la wasichana. Charisse alikuwa bado mdogo, angeweza kungoja. Rowena alikuwa na kijana, Reymark, mwanafunzi wa ubaharia, aliyekuja kila Jumamosi na mkate mtamu kwa ajili ya bibi, akimwita Arnulfo baba hata baada ya Arnulfo kuacha kuweza kumjibu. Walikuwa wameanza kuzungumza habari za uchumba. Merlinda alikuwa akimwangalia kijana yule akila, akajiona ni Salvacion, amekaa kigodani, amewapa watu mgongo.

Akamwambia Rowena asubuhi moja wakianika nguo. Alimwambia yote, kwa mpango, kama alivyoelezwa na daktari: kwamba yeye mwenyewe huenda asiugue, kwamba wana wake wa kiume ni sarafu iliyorushwa, kwamba kipo kipimo cha damu huko Iloilo, kwamba bado anaweza kuolewa na kuzaa na kuishi, ila ajue, na mwenziwe ajue.

Rowena alisikiliza akiwa ameshika shuka lenye maji, likimchuruzikia miguuni.

"Bibi alijua," alisema.

"Alijua."

"Baba alijua."

"Alijua nusu."

"Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu ule ugonjwa ulipoanza nilijua jina lake. Habari yenu ninyi wasichana niliijua hospitali."

"Hospitali ilikuwa kabla ya Krismasi, Mama. Sasa hivi mpunga umekwisha kuvunwa."

"Nilikuwa natafuta maneno, mwanangu. Si jambo la kumtupia mtoto kama..."

"Labda na Bibi alikuwa anatafuta maneno," alisema Rowena.

Alilikamua shuka kwa nguvu mpaka halikutoa tena hata tone, akalitandaza kambani, akalinyoosha pembe zote vizuri. Mama yake alimwambia pole. Alimwambia kwamba alimwambia kwa kuwa anampenda. Rowena alijibu kwamba anajua, na kwamba kila mtu katika nyumba ile amekuwa akimpenda tangu azaliwe, na angalieni sasa.

Jumamosi Reymark alipokuja na mkate wake, Rowena hakumkaribisha ndani. Walitembea hadi darajani, wakasimama pale. Merlinda aliwaona kutoka dirishani: binti akiongea, kijana ameinamisha kichwa, kisha kijana akiongea kidogo tu. Baada ya muda Rowena alirudi peke yake, mkate mkononi, akauweka mezani mbele ya bibi yake.

"Amekupa huu," alisema.

Salvacion aliukata, akampa kila mtu kipande. Merlinda alimlowekea Arnulfo chake katika maziwa. Hakumuuliza Rowena kijana amesema nini. Jumamosi iliyofuata hakuja mtu, wala siku ya sikukuu ya parokia, ingawa meli yao ya mafunzo ilikuwa bado bandarini na vijana wenzake walionekana mjini wakicheza mpira.